Damien na Kikunjio cha Tanga la Mbele

Damien Hakorimana wa Nyamitaba alikuwa na ng'ombe, maharagwe, muhogo, dada mkubwa mwenye ulimi, na mashua ya matanga. Hivyo vinne vya kwanza kila mwanaume wa milima ya Masisi alikuwa navyo au alikuwa akivitafuta. Hicho cha tano ndicho kilichomfanya azungumzwe kila Jumapili mbele ya kanisa, kabla ya misa, baada ya misa, na padri akigeuka, katikati ya misa.

Mashua aliachiwa na mzungu. Mwaka ule wa uhuru wazungu wa mashamba walifunga masanduku mbio mbio, wakagawa zawadi mbio mbio, hata kikaushio kimoja cha kahawa kikapewa watu watatu, ambao mpaka leo hawasalimiani. Mzungu wa Damien, watu wakimwita Kabuti kwa sababu hakuvua kabuti hata jua la saa saba, alimwachia mashua iliyolala kwenye ghuba ya Sake, chini ya Mubambiro. Wakubwa wapya walikuja kuikagua na kofia zao mpya. Waliuliza moteri iko wapi. Walipoambiwa hakuna moteri, kuna upepo tu, walitazamana kama watu waliotukanwa, wakamwambia Damien akae nayo. Serikali haina haja ya upepo mwingine. Ule wa ofisini unatosha.

Kazi yake ya zamani kwenye mashua ile ilikuwa nyepesi kueleza, ngumu kuifanya. Kabuti alikaa nyuma, ameshika usukani, anavuta kiko na kulaani. Damien alikaa mbele, puani kabisa, kwenye lile tanga dogo la pembe tatu. Upepo ukizidi, Kabuti alipiga kelele, na Damien akatambaa kwa magoti, akalikumbatia tanga huku likimchapa makofi, akalishusha, akalikalia kama mtu anayekalia mbuzi wa wizi. Upepo ukipungua, alilipandisha tena. Wazungu wana chombo cha kufanya kazi hiyo, kikunjio: unakaa nyuma, unavuta kamba, tanga la mbele linajikunja lenyewe. Kwa Kabuti chombo hicho kilikula maharagwe na kilikuwa na jina la ubatizo.

Sasa, kwenye kisiwa cha Idjwi, upande wa kaskazini, kulikuwa na ufuko mdogo ambapo Kabuti alipenda kununua mananasi. Muuzaji aliitwa Athanasie. Alizaliwa Kibabi, si mbali na kwao Damien. Akiwa msichana, wajomba zake walimpa mwanaume wa kisiwani baada ya kuelewana vizuri sana na mtungi wa pombe. Mwanaume huyo alikufa mapema. Athanasie akabaki kule na mananasi yake, mtumbwi wake, na namna ya kukutazama kama nanasi analolipima kama limeiva. Kila mashua iliposimama, Damien aliruka majini, akaishika, na Athanasie akampa mananasi moja moja mikononi. Hakusema kitu zaidi ya "shika". Neno hilo moja Damien alilibeba mpaka Nyamitaba, akalipalilia pamoja na maharagwe, akalikamua pamoja na maziwa, likamtosha mpaka safari nyingine.

Kabuti alipokwenda, safari zikaisha, na neno likaanza kupungua.

Ndipo Damien alipofanya kama desturi inavyotaka. Alimtafuta mshenga, mzee Nzabonimpa, mtu aliyeweza kuombea hata jiwe mume. Walipanda meli ya abiria, ambayo siku zile ilipita ikijisikia, wakiwa na pombe ya ndizi kwenye vibuyu viwili. Nzabonimpa alisimama mbele ya nyumba ya Athanasie akasema tangu umande mpaka jua kali. Alianza na ng'ombe aliyepotea, akapita kwa ng'ombe aliyetamaniwa, akafika kwa ng'ombe aliyesimama pale pale mlangoni na nguo ya maua. Damien alikuwa ameketi pembeni, ameinamisha kichwa, kama desturi inavyotaka.

Athanasie alisikiliza yote. Halafu akamrudishia mzee vibuyu vyake.

"Papa Nzabonimpa, asante. Mimi nilishachaguliwa mara moja na midomo ya bazee. Midomo ilirudi kwabo, mimi nikabaki hapa." Kisha akamgeukia Damien, kwa mara ya kwanza tangu wafike. "Na weye, uko na mudomo ao hapana? Ukiwa na neno, kuja mwenyewe. Peke yako, na ile bateau yako. Nione kama unaweza kuleta hata mwili wako bila kusindikizwa."

Njiani kurudi Nzabonimpa alikunywa vibuyu vyote viwili kwa huzuni. Damien hakunywa. Alikuwa anawaza hesabu ya mikono. Peke yako, alisema. Basi nani atashika usukani nyuma, na nani atatambaa mbele kukumbatia tanga? Mlango wa ghuba ya Sake ni mwembamba. Volkano ilimwaga pale mawe meusi hata ziwani, na upepo wa mlima ukipita katikati unabanwa, unakasirika. Mtu mmoja na tanga la mbele lisilokunjika hapiti pale. Kwa maneno mengine, kati ya Damien na Athanasie hakukuwa na ziwa, wala wazee, wala marehemu. Kulikuwa na kikunjio.

Na vikunjio vilikuwapo, tena viwili. Ndani ya stoo ya Kabuti pale Sake mlikuwa na masanduku kutoka Ulaya. Mzungu yule aliagiza aina mbili kwa sababu alishindwa kuchagua, na kabla hajamaliza kushindwa, uhuru ukamchagulia. Damien aliyabeba masanduku mpaka Nyamitaba kwa lori la maharagwe. Kikunjio kimoja kilikuwa mti mrefu usioingia sandukuni; huo ulisafiri juu ya mizigo na kitambaa chekundu mwishoni, na kila kijiji kiliuliza nani amekufa.

Rafiki yake Théogène alikuja kusaidia kuchagua. Théogène alikuwa moniteri, mwalimu wa shule, na kabla ya hapo alikuwa seminari. Alitoka huko, alisema, kwa sababu ya matatizo ya mafundisho. Watu walisema tatizo la mafundisho liliitwa Béata. Alivifungua vikunjio vyote juu ya mkeka, akavizunguka na mikono nyuma kama inspekta.

Cha kwanza kilikuwa kingoma cha shaba, kikubwa kama kibuyu cha maziwa, pamoja na kidude kingine kidogo cha kuzunguka huko juu. Kamba inajiviringa juu ya kingoma. Ukiivuta, tanga linajizungushia lenyewe kama jani la mgomba kwenye chikwangi, ule mkate wa muhogo. Ila lina tabia moja: ama lote limefunguka, ama lote limekunjwa. Nusu halijui. Cha pili ndicho ule mti, mviringo, unaosimama mbele ya mashua toka chini mpaka juu. Tanga linapigiliwa misumari juu yake, na mti mzima unazunguka. Hicho kinakubali robo, kinakubali nusu, unapunguza kadiri ya upepo.

"Hapa hakuna shida," alisema Théogène. "Unachagua muti. Mutu mustaarabu anapunguza kidogo kidogo. Yote ao hapana, ile iko tabia ya wakulima."

"Mimi niko mukulima," alisema Damien.

"Njo maana nakusaidia."

Joséphine-Marie, dada yake Damien, alikuwa akichambua maharagwe karibu na mlango, kichwa chini. Huyu alikuwa amemrudisha mume wake kwao, kinyume cha desturi zote, na mume akaenda kimya kimya na godoro.

"Ile muti ikigoma kuzunguka?" aliuliza.

"Tanga inabaki juu," Damien akajibu. "Haishuki. Muti umefungwa na mulingoti."

"Na ile ngoma ikigoma?"

"Naweza kufungua kamba ya mulingoti, tanga inashuka yote chini."

"Sasa munauliza nini?" Alitupa haragwe bovu kwa kuku. "Hata bwana, unachukua ule mwenye akigoma unaweza kumushusha."

Théogène alisema hayo ni mawazo ya jikoni, sayansi haifanywi hivyo, lazima majaribio. Basi wakafanya majaribio. Walinyoosha waya kati ya mikaratusi miwili juu ya kilima, nyuma ya zizi, wakapandisha tanga. Hebu fikiria: Nyamitaba, ukungu unatoka bondeni, ng'ombe wamesimama na majani mdomoni, na juu yao tanga jeupe la mashua limejaa upepo wa mlima, linavuta kana kwamba kilima chote kitang'oka kiende Idjwi. Damien alisimama chini yake, kamba mkononi, na kwa muda hakumsikia mtu. Kutoka pale ziwa halionekani. Kuna mlima, na nyuma yake mlima, na nyuma yake mwingine. Lakini tanga lilikuwa limeelekea kusini, na upepo ulikuwa unaendea kule kule, na mtu mzima alijikuta anasogeza mguu mbele kama anayetaka kupanda.

Vijana wa siasa walifika kabla ya mchana kuuliza bendera ile ni ya chama gani. Théogène akawaambia ni ya chama cha upepo. Walishauriana kidogo, kisha wakauliza kama kuna nafasi kwa vijana.

Ule mti ulijiaibisha mapema. Ulikuwa umekaa stoo kwa unyevu wa ziwa, ukapinda bila kuonekana. Ulizunguka mara chache kwa heshima, ukabana, ukakataa mbele na nyuma, na ilibidi mtu apande mkaratusi kuushusha kwa panga. Kingoma kilizunguka. Kililia kama mlango wa seminari, lakini kilizunguka, na tanga lilijikunja lote. Damien akachagua kingoma. Théogène alikubali, akisema alikuwa anakielekea tangu mwanzo kwa njia ya mzunguko.

Kilichobaki ni kile kilio. Kopo la grisi la Kabuti lilikuwa limeibwa zamani. Na hapa ndipo walipokosea wote watatu kwa moyo mweupe, kosa ambalo mtu wa pwani wala wa mjini asingelifanya. Katika milima ile, kitu gani hakijalainishwa na mafuta ya ng'ombe? Ngozi inapakwa, mpini unapakwa, kibuyu kinapakwa, mtoto anapakwa, bibi arusi anang'aa nayo mpaka nzi wanateleza. Joséphine-Marie alikuwa na kibuyu cha mafuta aliyoyafukizia majani ya harufu nzuri, akiyaweka kwa siku ambayo mke wa ndugu yake angeingia nyumbani. Aliyatoa bila kuombwa. Alikipaka kingoma kwa mikono yake mwenyewe, ndani na nje, akasukuma mafuta katikati ya vigololi vya chuma vinavyokizungusha mpaka yakatokea upande wa pili.

"Hii njo inamuendea," alisema. "Lazima inukie."

Théogène akaongeza Kilatini kidogo. Walipokifunga kwenye mashua pale Sake, jua likiwa utosini, kingoma kilizunguka kimya kama kiuno cha mtu anayejua kucheza. Damien alivuta na kuachia, akavuta na kuachia, akacheka peke yake.

Aliondoka alfajiri, kwa sababu upepo wa kushuka milimani unavuma alfajiri. Ghuba ilikuwa baridi ya kuuma meno. Alipandisha tanga kubwa, akaachia kamba, tanga la mbele likasita, kisha likafunguka lote kwa nguvu ya upepo, na mashua ikaondoka ufukoni bila Kabuti, bila mzee, bila mtu. Damien alijiona mrefu. Alikuwa amejipangia: akikaribia mlango wa ghuba, anakunja la mbele, anapita taratibu kati ya mawe, ng'ambo analifungua tena.

Alipokaribia mlango alivuta kamba. Kamba haikuja. Alivuta kwa mikono miwili, usukani ukiwa umebanwa kwapani. Hakuna. Unajua jinsi mafuta ya ng'ombe yanavyokuwa asubuhi huko Masisi: unayachimba kwa kijiko, na kijiko kinaweza kupinda. Ndani ya kingoma vigololi vyote vilikuwa vimelala katika mafuta magumu, yenye harufu nzuri, kama maaskofu. Upepo ukaingia mlangoni nyuma yake. Alijaribu kuinuka aende mbele kufungua kamba ya mlingoti; usukani ukaponyoka, pua ya mashua ikageukia mawe meusi. Akarudi nyuma kwa makalio. Akashika usukani kwa mikono yote, akamwachia Mungu tanga, na mashua ikapita katikati ya mawe kwa mbio ambazo Kabuti asingezikubali hata akiwa amelewa.

Ng'ambo ziwa likafunguka. Upepo ukawa mpana, ukatulia. Sasa angeweza kuufunga usukani kwa kamba, kwenda mbele, kushusha tanga polepole. Ndiyo sababu walichagua kingoma. Aliiangalia kamba ya mlingoti. Halafu akatazama mbele akaiona Idjwi, bado ya buluu, ndogo, imejilaza. Hakuinuka. Miaka yote ile alikuwa akienda kwa mwendo wa mtu mwingine: mwendo wa mzungu, wa meli, wa maneno ya Nzabonimpa. Leo kitu kilikuwa kinakwenda upesi kama alivyokuwa anataka yeye. Akakiacha kiende.

Kwa hiyo alifika. Ufuko ulikuja, mananasi yakaja, nyumba ikaja, na Athanasie alikuwa majini mpaka magotini anaosha sufuria. Alisimama wima. Damien alivuta kamba ya kikunjio mara ya mwisho, mpaka kiganja kikachubuka. Mashua ilikuwa inaelekea nchi kavu kana kwamba inataka kuingia jikoni. Karibu kabisa na mawe aligeuza usukani, na mashua ikapita mbele ya Athanasie, imeinama, matanga yote mawili yamejaa, karibu kiasi cha kuona povu la sabuni mikononi mwake. Miaka ya maneno ilimjia Damien kwa mara moja, ikakwama mlangoni, likapenya moja tu.

"Jambo," alisema.

Naye akapita.

Upepo wa mlima haufiki mchana. Ulimpeleka mbele kidogo, ukapungua, ukamwacha. Ziwa likawa kama mafuta. Jua likapanda, shaba ikapata moto, harufu ya arusi ikaanza kutoka kwenye pua ya mashua, na Damien alipogusa kamba kwa kidole, tanga la mbele likajikunja lote, taratibu, kwa adabu kubwa. Alilifungua. Likafunguka. Akalikunja. Hakukuwa na upepo wa kulitumia. Na kasia aliliacha Sake kwa majivuno. Akakaa. Kutoka pale aliiona nyumba ya Athanasie, mlango, mbuzi, moshi wa jiko. Alimwona anatoka, anaingia, anatoka. Hakuwahi kumtamani hivi hata akiwa Nyamitaba, nyuma ya milima yote ile. Huko angalau kulikuwa na maharagwe ya kupalilia.

Athanasie alimaliza sufuria. Alifunga mbuzi. Alimwaga maji, akafagia, na jua lilipoanza kuinama alisukuma mtumbwi wake majini, akaja akipiga kasia bila haraka, akasimama mbali kidogo, kasia magotini.

"Ulikuwa unaenda wapi?"

"Kwako."

"Kwangu iko kule."

"Niliona."

"Uliona, ukapita."

"Tanga ilikataa kukunjika. Tulipaka kikunjio mafuta ya ng'ombe, ikaganda."

Athanasie alinusa hewa. "Nani alisema bapake chuma mafuta ya bibi arusi?"

"Batu batatu. Mumoja alisoma seminari."

Athanasie akauma mdomo kuzuia kicheko. "Na kuishusha? Ungeweza kuishusha."

"Ningeweza."

"Sasa?"

"Sikutaka kusimama," alisema Damien. "Nilikuwa ninakuja."

Mtumbwi ulijigeuza kidogo wenyewe, naye hakuurudisha. "Sema basi ile yenye ulileta. Hapa hakuna muzee."

Damien alitafuta hotuba yake, haikuwapo. "Niko ninakutaka," alisema. "Nikipalilia, ninakutaka. Nikikamua, ninakutaka. Mpaka ng'ombe zimejua."

"Zinasema nini?"

"Zinanyamaza."

"Ziko na akili." Alilishika kasia tena. "Sikia Damien. Nyamitaba siendi. Kibabi sirudi. Kule juu kila mutu alikunywa ile pombe yangu. Ukinitaka, niko hapa."

"Na mimi niko na ng'ombe."

"Ninajua. Sikusema ukuje na ng'ombe."

Hilo ndilo lilikuwa jibu, na lilikuwa ndiyo. Damien alilielewa polepole, wakati kamba yake ikiwa tayari imefungwa kwenye mtumbwi na yeye anakokotwa kuelekea nchi kavu, ameketi nyuma, akiutazama mgongo wa mwanamke anayepiga kasia.

Walifunga ndoa kisiwani baada ya mavuno ya maharagwe, na Joséphine-Marie alikuja kwa meli, akatapika njia nzima, akamwambia wifi yake kwamba sura yake inastahili safari, kidogo. Dereva mmoja wa lori pale Sake alimpa Damien grisi ya kweli, nyeusi, yenye kunuka vibaya, na tangu hapo kingoma hakikugoma tena. Damien alijifunza kupita mlango wa ghuba tanga likiwa limekunjwa, na kusimama mbele ya ufuko pale pale anapotaka, kama mtu anayeweka kikombe mezani.

Ila kukaa hakujifunza. Miaka iliyofuata aligawanyika. Mvua zikianza alikuwa Nyamitaba, analima, anakamua, anawauliza watu wanaotoka Sake, kabla hata ya kuwasalimia, upepo wa ziwa uko namna gani. Alikuwa anatangulia ng'ombe kuamka, anapanda hadi kwenye mikaratusi, anakaa akitazama kusini, ambako hakuna kinachoonekana. Joséphine-Marie alikuwa akimpelekea uji kule juu na kumwambia kwamba mke ambaye haonekani ndiye mke mzuri zaidi, awaulize wanaume wengine. Na akiwa Idjwi, amelala vizuri, ameshiba samaki, ilitosha ng'ombe wa jirani alie mara moja jioni, naye anabaki na kijiko hewani.

"Nenda basi ukazione," Athanasie alikuwa akimwambia.

Naye huenda. Siku nyingi upepo humwacha katikati ya ziwa, ambapo Idjwi imekuwa ndogo na milima ya Masisi haijawa mikubwa. Siku hizi kasia analo. Hupenda kulilaza chini kwanza, akalikunja tanga la mbele, akageuka kutazama upande mmoja, kisha wa pili, kisha tena ule wa kwanza, mpaka upepo urudi.